Rimoti nne, ndege mbili

Mwezi uliopita mke wangu alikuwa anapangua kabati la chumba cha wageni, akaniita. Kitandani alikuwa ametandaza rimoti nne za ndege ndogo za mchezo, zote nyeusi, zote zenye vijiti viwili na antena. Akanyanyua mbili. "Baba watoto, hebu niambie. Hii inafanya nini ambacho hii haifanyi?" Nikaanza kueleza habari za mawimbi na moduli, nikamtazama usoni, nikaishia njiani. Mkono wa kulia alikuwa ameshika toleo la 2020, mkono wa kushoto toleo lililolifuata. Kwa mtu anayerusha ndege za fomubodi Jumamosi asubuhi, zilikuwa kitu kile kile.

Usiku ule nilichukua daftari nikapiga hesabu peke yangu, kama mtu anayehesabu madeni. Tangu 2017 nimetoa shilingi 2,160,000 kwa rimoti na risiva tu, yaani vipokezi vya mawimbi vinavyokaa ndani ya ndege. Hapo sijagusa ndege zenyewe, betri zake, wala propela. Na ndege zinazoruka leo hii ni mbili, zote nimezitengeneza mwenyewe kwa fomubodi ya duka la vifaa vya ofisi, ile ambayo watu wanatengenezea mabango, na gundi ya moto.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, niko Morogoro. Jumamosi mapema, kabla upepo wa milima ya Uluguru haujaamka, mimi na vijana kama sita tunakuwa kwenye uwanja wa wazi nje ya mji. Upande mmoja nyasi, upande wa pili shamba la mkonge. (Vibali vya kurusha waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mapema, kabla hujanunua hata propela. Hilo sitaliingia hapa.) Ninachotaka kusimulia ni homa ya matoleo mapya ya rimoti, kwa sababu imenila hela, imenila ndege moja niliyoipenda, na naona vijana wangu wameanza kuambukizwa.

Rimoti ya kwanza ilikuwa FlySky FS-i6. Aliyeanza mchezo huu kwa mshahara kama wangu anaijua. Chaneli sita, yaani inaweza kuongoza vitu sita kwenye ndege, kiskrini cha rangi moja, na betri nne ndogo zile za saa ya ukutani. Nilimwagiza mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda Guangzhou kufuata mzigo wake wa Kariakoo, ikanifikia pamoja na risiva yake kwa 165,000. Ukiiwasha huku swichi moja iko chini, au kijiti cha mafuta kiko juu, inakataa kuendelea. (Ndege ni ya betri, lakini sisi tunakiita kijiti cha mafuta, kama kwenye pikipiki.) Inapiga kelele na kukuandikia onyo. Mimi nikadhani mbovu. Dakika kumi nzima nazima, nawasha, nazima, nawasha, mpaka binti yangu, wakati huo yuko darasa la tano, akachungulia skrini akaniambia, "Baba, inasema swichi zote ziwe juu."

Kwa rimoti ile nilijifunza yote. Kurusha, kutua, kuangusha, kubandika tena. Nikaongeza risiva mbili kwa 70,000, nikawa na ndege tatu na rimoti moja. Miaka miwili ikapita hivyo, na kadiri ninavyokumbuka hakuna ndege hata moja iliyoanguka kwa sababu ya rimoti. Zilianguka kwa sababu yangu.

Kilichonimaliza ni video. Mtu amesimama kwenye majani mabichi yaliyokatwa vizuri, rimoti yake ina skrini ya rangi, inamsomea kwa sauti volti zilizobaki kwenye betri ya ndege, ina swichi nyingi kama chumba cha rubani. Yangu inalia pii, pii. Nikaanza kuiona ya kitoto. Nikaanza kuiweka uso chini mezani wageni wakija.

Mwaka 2019 nikanunua ya pili, mtumba, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. 430,000. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa sababu mengi yaliyonipata nilijitakia, na kwa sababu kampuni nyingine nazo zimewahi kuwafanyia watu hivyo hivyo. Rimoti yenyewe ilikuwa nzuri. Vijiti laini, inaongea, kumbukumbu ya ndege chungu nzima. Nilidhani nimenunua rimoti. Kumbe nimeoa ukoo.

Hili ndilo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa hata shilingi. Rimoti karibu zote za leo zinatumia masafa ya 2.4 GHz, kwa hiyo ukisoma boksi unaona zinafanana. Lakini kila kampuni ina lugha yake hewani. FlySky wana AFHDS, Futaba wana FASST na ndugu zake, Spektrum wana DSMX, FrSky wana ACCST na baadaye ACCESS. Ni kama abiria wa basi moja, kila mmoja anaongea kilugha chake. Risiva iliyomo ndani ya ndege inamwelewa mtu wa ukoo wake tu, tena siyo kila mtu wa ukoo huo. Inamwelewa yule mmoja aliyefungishwa nayo. Tendo hilo la kuzifungisha wengi wanaita kubaindi. Vijana wangu wanasema kufunga ndoa.

Risiva zangu tatu za zamani zikawa takataka siku hiyo hiyo. Nikaagiza nne mpya, 60,000 kila moja. Ukijumlisha, rimoti ya laki nne na thelathini ilikuwa imeshanigharimu 670,000 kabla haijarusha kitu. Hesabu risiva zako kwanza. Ukiwa na ndege tano, bei halisi ya rimoti mpya ni bei ya rimoti na risiva tano, na hiyo bei ya pili haiandikwi kwenye tangazo.

Haukupita mwaka, ile kampuni ikaja na lugha mpya, na kwa lugha ya zamani ikatoa programu mpya ya ndani. Maelezo yalisema wazi kwamba ukisasisha rimoti lazima usasishe na risiva, la sivyo hazitaelewana. Maelezo hayo niliyasoma baada ya kusasisha. Na nilisasisha lini? Ijumaa usiku. Asubuhi yake nina vijana sita uwanjani na ndege nne zilizonuna. Taa ya risiva inawaka nyekundu, rimoti inaniimbia kwa sauti ile nzuri ya kike kwamba hakuna mawimbi.

Basi kazi ikawa kuzitoa risiva moja moja kwenye matumbo ya ndege. Nyingine nilikuwa nimezizika kwenye gundi, nikakata povu kwa wembe. Nikalehemu waya tatu za kuunganisha na kompyuta. Ya kwanza ikakubali. Ya pili ikakubali. Ya tatu nilikuwa nimefika kama nusu, kimstari kinatambaa kwenye skrini, umeme ukaisha. Luku ilikuwa inalia tangu magharibi. Niliisikia. Nikajisemea hii ni kazi ya dakika mbili, nikimaliza nanunua umeme. Kompyuta yangu betri yake ilikufa zamani, inaishi kwa waya wa ukutani tu. Giza. Nilipowasha tena baada ya robo saa, risiva ile haikuonyesha hata taa. Nilihangaika nayo wiki nzima, nikashindwa kuifufua. Ipo kwenye kopo la kahawa pamoja na skrubu.

Tangu hapo sisasishi kitu chochote kwenye kompyuta isiyo na betri nzima iliyojaa, wala siku ya Ijumaa. Na kabla ya kusasisha natoa nakala ya kila kilichomo kwenye kadi ya kumbukumbu ya rimoti na kuiweka mahali pawili. Rimoti nyingi za kisasa zina kadi ndogo kama ya simu, humo ndimo yanamokaa mafaili ya ndege zako, sauti, kila kitu. Kadi ikiharibika huna ndege hata moja rimotini.

Pale uwanjani tuna mzee wetu mmoja, mhandisi mstaafu, alisoma Uingereza miaka ya themanini na huko ndiko alikoanzia kurusha. Asubuhi ile ya aibu alifika akanikuta nimekaa kwenye jiwe na rimoti mapajani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo tena unarusha kompyuta?"

Akanisimulia mambo ya huko Uingereza wakati huo. Ndege zilikuwa kwenye 35 MHz. Kila rimoti ina kristali, kidude kidogo cha kuchomoa kama punje ya haragwe, ndicho kinachoamua upo kwenye chaneli gani ya mawimbi. Watu wawili wakiwasha wenye chaneli moja, ndege iliyoko juu inashuka. Kwa hiyo klabu ilikuwa na ubao wenye vibanio, mfano wa vile vya kuanikia nguo, kila chaneli na kibanio chake. Huna kibanio mkononi, huwashi. "Tulikuwa tunagombana kwa ajili ya kibanio cha nguo," akasema. Rimoti zilipohamia 2.4 GHz, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, vibanio vikaisha, kwa sababu risiva inamsikiliza aliyefungishwa naye tu hata wakiwasha watu kumi.

Nakumbuka alichouliza baada ya hapo: "Hiyo yako mpya imeondoa kibanio gani?"

Nilikasirika kidogo. Lakini swali lile limekaa nami kuliko darasa lolote. Yapo mabadiliko yanayoondoa tatizo la kweli. Kutoka kristali kwenda 2.4 GHz ni mojawapo. Kutoka vijiti vinavyosuguana ndani, ambavyo vinachakaa na kuanza kutetemesha sevo, vile vimota vidogo vinavyosogeza vibao vya ndege, kwenda vijiti vinavyosomwa kwa sumaku bila kugusana, nalo ni la kweli, nimeliona kwa vidole vyangu. Kutoka tundu la chaji la zamani kwenda USB-C, hilo ni raha tu. Na rangi mpya ya kava ni rangi mpya ya kava. Matoleo mengine yanatoka kwa sababu chipu fulani imeadimika kiwandani na wahandisi wakalazimika kubuni upya, kama ilivyokuwa 2021 chipu zilipokuwa shida dunia nzima. Au kwa sababu sheria ya mawimbi Ulaya imebadilika. Mnunuzi wa Morogoro anaona namba mpya kwenye boksi na anadhani imewekwa kwa ajili yake.

Ya tatu niliinunua 2021, na hii siijutii. RadioMaster TX16S, skrini ya rangi ya inchi 4.3, na ndani ina moduli yenye chipu nne za redio, kwa hiyo inaongea lugha za makampuni mengi. Mojawapo ya chipu hizo ni ya jamii ile ile wanayotumia FlySky, na risiva zangu za 2017 zilizokuwa zimelala kwenye droo zikafufuka. 480,000, na 30,000 ya seli mbili za 18650, betri za lithiamu za kuchaji, maana inakuja na kibebeo cha betri bila betri. Tahadhari hapo. Mawakala wengi wa mizigo ya ndege wanakataa betri za lithiamu au wanazitoza bei nyingine kabisa. Agiza rimoti tupu, seli tafuta hapa hapa nchini, na ziwe nzima. Zile za kubomoa kwenye betri mbovu ya laptop nimejaribu. Rimoti ilizima mkononi. Nashukuru ndege ilikuwa bado chini.

Tahadhari nyingine kwa anayeagiza: kabla ya kulipa mwandikie muuzaji maswali matatu na usubiri jibu la maandishi. Ina moduli gani ndani, kwa sababu rimoti moja yenye jina moja inauzwa na moduli tofauti. Ni ya soko gani, la Ulaya au la kwingineko, kwa sababu baadhi ya mifumo ya Ulaya inasikiliza hewa kabla ya kurusha mawimbi na haielewani na risiva ya soko jingine. Na kijiti cha mafuta kiko mkono gani. Wengi wetu tunatumia kushoto, wanaita Mode 2. Rafiki yangu wa Iringa alipokea ya mkono wa kulia, akajifariji kuwa atazoea.

Programu inayoendesha rimoti hizi ni ya wazi. Zamani ilikuwa OpenTX, 2021 baadhi ya waandishi wake wakaanzisha tawi lao wakaliita EdgeTX, na ndilo linalotumika sana sasa. Inakuachia kupanga kila kitu. Chaneli ipi ifanye nini, swichi ipi izime mota, sauti iseme lini. Uhuru mwingi mno. FS-i6 ilikuwa inanilinda na ujinga wangu. Hii ikaniacha nao.

Ndege ile nilikuwa nimeijenga likizo ya Juni. Bawa la mita 1.2, nyeupe na mistari myekundu niliyoibandika kwa utepe, pua nimeipiga msasa mpaka ikawa kama yai. Nilihamisha mipangilio kutoka rimoti ya zamani kwa kichwa, nikiandika upya moja moja. Uwanjani nikaisimamisha, nikasukuma kijiti kulia, kushoto, eleroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa, zikacheza. Nikavuta nyuma, eleveta, kile kibao cha mkiani, ikacheza. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umecheki?" Nikamwambia nimecheki. Kweli nilikuwa nimecheki kwamba zinacheza. Sikucheki zinacheza kuelekea wapi.

Akairusha kwa mkono. Ikapanda vizuri kama mita nne, bawa la kushoto likainama kidogo, jambo la kawaida kabisa. Nikasukuma kulia kulirudisha. Likazidi kuinama. Nikasukuma kulia zaidi. Mpaka hapo kidole kinafanya chenyewe, kichwa hakipo. Ikageuka mgongo chini tumbo juu, ikaenda kwenye mkonge. Tangu mkono wa kijana mpaka kwenye mkonge sidhani zilifika sekunde tatu.

Kama hujawahi kuona jani la mkonge kwa karibu, ncha yake ni mwiba mweusi mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Bawa la kulia lilikuwa limechomwa na majani matatu, yamepita upande mpaka upande, kama mshikaki. Ikabidi tuikate ndege vipande ili kuitoa. Mota ilipona. Vijana hawakusema neno njia nzima, na hilo liliniuma kuliko ndege.

Kwa hiyo sasa, ukibadilisha rimoti, au ukisasisha, au hata ukigusa tu mipangilio, fanya hivi kabla ya kurusha. Simama nyuma ya ndege, pua yake iangalie mbele kama wewe. Simamisha dole gumba juu ya kijiti cha eleroni kama mtu anayesema safi, kisha sukuma kulia. Dole gumba linainamia kulia, na eleroni ya kulia ndiyo inayotakiwa kunyanyuka. Kushoto vivyo hivyo. Kisha vuta kijiti kuja kwako, eleveta ya mkiani inyanyuke. Vijana wangu wanalifanya sasa kwa sauti, kila mmoja kwa ndege ya mwenzake, maana ya kwako utaiona iko sawa hata ikiwa kinyume.

Halafu ng'oa propela, washa vyote, weka mafuta kidogo, uzime rimoti. Mota lazima isimame. Ikiendelea kuzunguka, basi siku mawimbi yakipotea ndege yako itakwenda nayo mota mpaka Mikese. Mpangilio huu huwezi kuuamini kwamba umehama pamoja na ndege kwenye rimoti mpya. Uweke upya, kila ndoa mpya. Na kuna kingine ambacho hakiandikwi kwenye maelezo yoyote, vidole. Swichi yangu ya kuzima mota ilikuwa kushoto juu kwa miaka miwili. Kwenye rimoti mpya niliiweka kulia. Kwa miezi mitatu, kila nilipotishika, mkono wa kushoto ulikwenda kutafuta swichi isiyokuwepo. Mwishowe nikairudisha kushoto.

Baada ya hapo ungetegemea nitulie.

Nikatulia mpaka 2023. Kikaja kishawishi cha ExpressLRS. Huu ni mfumo wa wazi wa kuunganisha rimoti na ndege, umbali mrefu, unajibu haraka, risiva zake ndogo kama ukucha wa dole gumba na bei si mbaya. La muhimu zaidi, zinatengenezwa na makampuni mengi na zinaelewana, hakuna mwenye ukoo wa kukufukuza. Hoja hiyo nilikuwa sahihi na mpaka leo nasimama nayo. Kosa lilikuwa namna nilivyoingia. Niliona TX16S MKII inakuja na ExpressLRS ndani, nikaagiza. 610,000, na risiva tatu kwa 135,000.

Rimoti ilipofika nikaiweka mezani kando ya ile ya 2021 kuzilinganisha. Nikazigeuza. Mgongoni, zote mbili, kuna tundu la mraba lenye kifuniko cha plastiki. Nilikuwa nimeishi na tundu lile miaka miwili. Ni tundu la moduli ya nje. Ningeweza kununua moduli ya ExpressLRS peke yake, nikaichomeka mgongoni mwa rimoti niliyonayo, na kwa bei nilizoziona wakati huo isingefika 100,000. Nilikaa pale nikashika kifuniko kile, nikakifungua, nikakifunga. Mke wangu akapita akauliza kama mzigo umefika salama. Nikamwambia umefika salama.

Basi kabla hujanunua toleo jipya, geuza la zamani utazame mgongoni. Kama kuna tundu, na kama unachotaka ni lugha mpya ya hewani, huenda huhitaji rimoti.

Hata ExpressLRS nayo ina mambo yake, ingawa hapa wa kulaumiwa ni mimi niliyekuwa nimeshapigwa mara moja na sikujifunza. Namba ya kwanza ya toleo lazima ilingane pande zote mbili. Rimoti ikiwa na toleo la 3 na risiva la 2, hazifungi ndoa. Namba za baada ya nukta hazina shida. Kijana wangu mmoja alinunua risiva zilizokaa dukani muda mrefu, tukahangaika jioni mbili tukidhani mbovu. Kumbe namba. Safari hii tiba ilikuwa rahisi. Risiva za aina hiyo ukiziacha zimewashwa kama dakika moja bila kuona rimoti, zinafungua Wi-Fi yao, unaingia kwa simu, unapandisha faili. Hakuna kulehemu, hakuna Luku.

Nilijaribu kuiuza ile ya pili, ya 2019. Niliiweka kwenye magrupu mawili ya WhatsApp. Mmoja akauliza inaendana na risiva gani, nikamweleza, akatoweka. Mwingine akaniambia 60,000, nimtumie kwa basi, nauli juu yangu. Nikamkatalia kwa hasira. Leo hiyo 60,000 ningeipokea kwa mikono miwili. Tangu kabati lipanguliwe imepata kazi nyingine. Inachomekwa kwenye kompyuta ya shule kwa waya wa USB, kompyuta inaiona kama kifaa cha kuchezea gemu, na wanaoanza wanajifunzia kwenye simuleta. Pale hata ukiangusha mara mia hutoki na jani la mkonge. Kama una rimoti ya zamani isiyouzika, hii ndiyo kazi bora niliyoiona kwake.

Baada ya kabati kupanguliwa, ile FS-i6 nilimpa kijana wa kidato cha tatu, pamoja na ndege moja iliyobaki ya enzi zake. Kifuniko cha betri kilishavunjika, ameshikiza kwa mpira wa kufungia noti. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye jiwe lile lile, nimesoma kwamba kuna toleo jipya la programu ya ile MKII, nimeishika natafakari. Yeye alikuwa juu, anazungusha pole pole, kimo kile kile, kona laini, kitu ambacho mimi nilikiweza baada ya mwaka. Akaniuliza bila kuondoa macho angani, "Mwalimu, nikiiuza hii, naongeza ngapi nipate kama yako?"

"Ina kasoro gani hiyo?"

Akazunguka raundi nzima kabla ya kujibu.

"Haiongei," akasema, kisha akapunguza mafuta aanze kushuka, maana nyasi upande wa mlima zilikuwa zimeanza kulala.